Mwaka wa Tangi la Mashua

Asifiwe Mungu, aliyenipa pumzi asubuhi ya leo kama alivyonipa jana kabla sijaiomba, na aliyenihifadhi hata katika siku ambazo sikujua kwamba ninahifadhiwa. Yeye ndiye aletaye mvua na ndiye aizuiaye. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaufuata mstari wa kalamu, na kwa kumbukumbu ambayo, ingawa imeangusha majina mengi njiani, imeubeba mwaka huu mmoja mpaka hapa nilipoketi.

Mwezi uliopita tulimzika Maganga kule Ipagala. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mimi ni Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hana ruhusa ya kukaa kimya msibani. Nilikwenda na fimbo yangu mpaka mbele ya jeneza nikawaambia wafiwa kwamba sikubali azikwe, mtu huyu hajafa, ni uvivu wake wa siku zote, mwamsheni aje aendeshe mashua. Wazee wawili watatu walicheka. Vijana walitazamana. Baadaye, tulipokuwa tunanawa mikono, mjukuu wake mmoja alinisogelea akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo babu. Samahani, mashua gani hapa Dodoma?" Nilimwitikia salamu yake, lakini swali sikulijibu. Watu walikuwa wakingojea zamu ya kunawa, na jibu lilikuwa refu kuliko maji yaliyobaki kwenye birika. Naliandika sasa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Nyuma ya vilima, mbali kidogo na mji, palikuwa na bwawa. Silo lile la Hombolo ambalo kila mtu analijua. Letu lilikuwa dogo zaidi, na leo ukienda huko utakuta tope limelijaza na watu wanapanda mtama pale tulipokuwa tukitia nanga. Mzungu mmoja aliyekuja kupima kina cha maji alileta mashua yake ya tanga kwa treni kutoka Pwani. Tayari ilikuwa ya zamani, imepakwa rangi juu ya rangi, na nyuma yake palikuwa na mashine ndogo ya petroli ya kuisukuma upepo unapokosekana. Alipoondoka kurudi kwao aliiacha mikononi mwa zahanati ya misheni iliyokuwa ukingoni, na Maganga, ambaye alijifunza usukani kule Kigoma, akabaki nayo kama mlinzi wake. Ilikuwa na kazi ya maana. Bwawa lilikuwa limefunika njia ya zamani, na wakati wa mvua watu wa ng'ambo hawakuweza kufika zahanati isipokuwa kwa kuvuka maji au kuzunguka kwa kupitia tope.

Mimi nilikuwa nimeoa ng'ambo. Mke wangu aliitwa Sechelela. Siku zake za kujifungua zilimfika wakati wa mvua, mashua ikiwa imelala ufukweni kwa sababu tangi lake la petroli lilikuwa likivuja. Petroli ilidondoka ngamani, yaani chini kabisa mwa mashua panapokusanyika maji, na Bibi, ndivyo tulivyomwita yule muuguzi wa Kizungu wa zahanati, alikuwa amekataza mgonjwa asipandishwe humo, kwa maana cheche moja ingewateketeza wote. Alikuwa na haki. Upepo haukuwapo wa kutumia tanga. Tukamzungusha Sechelela kwa njia ya tope, juu ya kitanda, wanaume tukipokezana miguu ya kitanda mabegani. Alikata roho njiani na mtoto akiwa ndani yake. Nimeliandika hili kwa maneno machache kwa sababu ndivyo lilivyonikaa mwaka ule wote. Lilinikaa kama habari niliyosomewa na mtu mwingine.

Baada ya mazishi nilirudi mjini Dodoma, kwenye karakana ya fundi Taibali, Mhindi Mwislamu aliyekuwa amenifundisha kazi ya bati kabla sijaoa. Nililala chumba cha nyuma, kati ya makarai ambayo hayajanunuliwa na mifereji ya kukingia mvua kwenye mapaa. Chumba kilinuka mkaa, tindikali na risasi ya kuchomelea, na jua la saa sita lilipoingia kwenye matundu ya misumari lilichora vidoa vyeupe juu ya mkeka wangu. Mchana mke wa Taibali alituletea wali uliopikwa pamoja na choroko, na achari ya ndimu pembeni. Watu hufikiri mwenye msiba hali. Mimi nilikula kila nilichopewa, nikaosha sahani, na ungeniuliza jioni nimekula nini nisingeweza kukujibu. Nilisali pia, asubuhi na jioni, na maneno yote yalikuwa mahali pake. Sikumkasirikia Mungu. Siku hizi, vijana waliofiwa wanapokuja kwangu wakiniungamia kwamba wamemkasirikia, huwaambia wasiogope, maana hasira nayo ni namna ya kuzungumza naye. Mimi hata hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa kama bati lililopozwa kwenye maji: unaligonga, linatoa sauti, basi.

Siku moja ya kiangazi, nikiwa nimejilaza chumbani baada ya chakula, nilisikia sauti ya Bibi dukani. Alikuwa amekuja na Maganga.

"Fundi, nataka tangi jipya," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani, kimenyooka kuliko chetu.

"Tangi la mvua, tangi la nyumba?"

"La mashua."

Kisha Taibali akasema, "Bibi, mimi baba yangu alikuja na mashua kutoka Kachi kule Uhindi, akatapika njia nzima, akaapa uzao wake hautarudi majini. Ndiyo maana tuko Dodoma."

Maganga alicheka. Bibi hakucheka. "Nalitaka kabla ya mvua," alisema. "Mwambie, Maganga."

Maganga alishusha sauti, lakini ukuta ulikuwa wa debe. "Yule mama wa ng'ambo, mkwe wa kijana wako. Ana binti wa pili, Lea. Ana mimba ya kwanza. Mwenyewe mwembamba kama marehemu dada yake, na mvua zitamkuta hapohapo. Nimewaambia wamlete mapema akae karibu na zahanati, wamekataa. Mzao wa kwanza lazima azaliwe nyumbani kwa mama, ndivyo walivyo Wagogo hawa. Na huyo mama anasema tena, mara ya kwanza walimtoa binti akiwa hai wakamrudishia amekufa. Hatoi wa pili mpaka aone hapana njia. Sasa akishaona hapana njia, mvua itakuwa inanyesha, na mimi nitakuwa na mashua inayonuka petroli."

Nikasikia Taibali akisukuma kiti. "Elia!" aliita. "Toka. Najua husinzii. Chukua kamba ya kupimia."

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza, na nitasema wazi ilikuwa kazi ya nini. Ilikuwa ni Lea avuke au asivuke. Mimi nililijua hilo siku zote, kama unavyojua jina la kituo ambacho treni haijafika. Nililijua bila kutetemeka.

Tulikwenda bwawani kwa gari la Taibali, tukikaa mbele watatu, na Maganga hakunyamaza njia nzima. "Mgogo na maji wapi na wapi?" alisema. "Ninyi maji mnayajua kwenye kibuyu. Ukiona mawimbi usije ukayaswaga kama ng'ombe." Nilipaswa kumjibu. Utani usipojibiwa ni kama salamu iliyoachwa chini. Nilitafuta neno, nikamwambia tu, "Sawa." Aligeuka akanitazama, kisha akatazama barabara, na baada ya hapo akawa anajitania na kujijibu mwenyewe, kwa sauti yake na kwa sauti yangu, na sauti yangu aliipa majibu makali kuliko ambayo ningeyaweza. Nilimwacha. Sasa naona kwamba alikuwa akinifanyia kazi yangu mpaka nitakapoiweza.

Tangi la zamani lilikuwa chini ya sitaha ya nyuma, pembeni mwa mashine, na tulipoingia tukiwa tumeinama tuliona mara moja tatizo. Lilikuwa pana kuliko mlango wa kulitolea. "Aliyejenga chombo hiki," alisema Taibali, akitoa kichwa nje na utando wa buibui kwenye kofia yake, "alilizaa tangi kwanza, halafu ndiyo akalivalisha mashua." Ama tukate sitaha, ama tukate tangi. Maganga alisimama juu ya sitaha kama mtu anayezuia nyumba yake isibomolewe. Mashua ikishakatwa mgongo, alisema, haishiki tena mlingoti. Basi tukate tangi. Lakini tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka. Tulilimwaga, tukalijaza maji ya bwawa, tukalimwaga, tukalijaza tena kwa maji na sabuni, tukaliacha, tukalirudia. Taibali alikataza moto wa aina yoyote. "Maganga, kiko hicho kimeze au kitupe." Maganga alikwenda kuvutia kiko chake mbali, juu ya tuta, akawa anatupigia kelele za maelekezo kutoka huko.

Ulipofika wakati wa kukata nilichukua patasi na nyundo, nikalala ubavu ndani ya ule upenyo, nikaanza kupiga. Nilipiga kwa nguvu na kwa haraka. Harufu ilikuwa bado ipo, ndogo, tamu, na nilijua kwamba chuma kikigongana na chuma huweza kutoa cheche. Nilijua, nikaendelea. Ghafla mkono ulinishika kifundo cha mguu ukanivuta nje. Alikuwa Taibali. Alininyang'anya patasi.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Hapana, fundi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi ondoka hapa. Mimi kwenye petroli sitaki mtu asiyeogopa. Mtu asiyeogopa anaua wenzake." Hakusema kwa hasira. "Nenda kwa Bibi upewe chakula. Ukianza kuogopa, rudi."

Nilikwenda kukaa kwenye baraza ya zahanati. Msichana wa jikoni aliniletea ugali wa uwele na mlenda. Niliusikia mlio wa nyundo ya Taibali, polepole, pigo moja, kisha kimya cha kumimina maji juu ya patasi, kisha pigo jingine. Alifanya hivyo mpaka jua lilipopinduka. Mzee yule alikuwa na mke na watoto mjini, naye alikuwa akiogopa kila pigo, na alipiga. Namkumbuka katika sala zangu mpaka leo, ingawa tulisali kwa vitabu viwili tofauti. Walipolitoa tangi vipande vipande, niliona jinsi kutu ilivyokuwa imelila upande wa chini. Tundu lenyewe lilikuwa dogo sana. Lingeweza kuzibwa kwa punje ya mtama.

Tangi jipya tulilitengeneza mjini. Lilikuwa refu na jembamba ili lipite mlangoni. Kazi ile niliiweza, kwa sababu mikono haihitaji mwenyewe awepo: kupima, kukata kwa mkasi wa bati, kukunja kingo, kupiga ribiti za kubana bati, kuchomelea kwa risasi juu ya ribiti. Tulilijaribu kama tulivyojaribu matangi yote ya Dodoma: tulilijaza maji, tukalisimamisha juu ya mawe, tukapaka chokaa kwenye maungio, tukaliacha usiku kucha. Asubuhi chokaa ilikuwa kavu. Taibali alilipiga kofi kama mtu anayemsifu punda. Tukalipeleka bwawani, tukalifunga mahali pake, na kwa desturi ya Taibali tukalitia maji kwanza badala ya petroli, Maganga akapandisha tanga ili tuone tangi linavyokaa safarini.

Mnajua upepo wa kiangazi wa kwetu. Ulikuja kutoka mashariki ukiwa na vumbi la nchi nzima. Mashua ililala upande, nikasikia maji ndani ya tangi yakikimbia kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, yakigonga ukuta, bum, yakarudi, bum. Maganga aligeuza usukani. Bum. Kisha sauti ya kitu kinachopasuka, na maji yakatoka kwenye ungio la mwisho kama mkojo wa ng'ombe. Taibali, ambaye alikuwa ameshika mlingoti kwa mikono yote miwili na macho amefumba, aliuliza, "Ni sisi?" Maganga akajibu, "Ni nyie."

Lilikuwa kosa la watu wa nchi kavu. Maisha yetu yote tulikuwa tumetengeneza matangi ya kukinga mvua, matangi yanayokaa juu ya mawe na kungoja. Haikutujia kwamba tangi linaweza kutembea. Tulikaa ufukweni watatu na lile tangi lililopasuka. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuonekana alasiri, yakija na kuondoka bila kutoa kitu, na Bibi alikuja akasimama juu yetu. "Sitaki samahani," alisema. "Nataka tangi." Akaondoka. Sikumlaumu. Asubuhi ile alikuwa amevushwa kwenda kumtazama Lea, kwa tanga pekee, na alirudi akiwa na uso uliofungwa.

Wakati tunapakia vyombo walipita wanawake waliotoka kuteka maji, wakiwa na madebe kichwani. Nimewaona wanawake wa kwetu wakibeba maji tangu nilipofungua macho, na juu ya kila debe huelea kitawi cha majani mabichi. Hakuna anayeuliza ni cha nini. Nilisimama nikitazama vile vitawi. Madebe yalikuwa yamejaa pomoni, wanawake walikuwa wakipanda tuta, na hakuna tone lililoanguka.

"Fundi," nilisema, "majani yale yanazuia maji yasikimbie."

Taibali alitazama. Alitazama muda mrefu, mpaka mwanamke mmoja akamwuliza kama amepoteza mke. Kisha akasema, "Tangi halitaki majani. Litaoza. Lakini linataka kuta."

"Kuta zenye matundu," nikasema. "Mafuta yapite, yasikimbie."

"Ona!" Maganga aliruka. "Mgogo kaleta kibuyu chake mpaka kwenye mashua!" Na nafikiri nilimjibu siku ile. Nilimwambia kwamba Mnyamwezi alibeba mizigo ya watu mpaka Pwani na kurudi bila kujiuliza ndani mna nini. Halikuwa jibu kubwa, lakini alishika tumbo akacheka kuliko lilivyostahili, akaniambia, "Umerudi?" Sikuwa nimerudi. Nilikuwa nimetoa sauti tu. Tulilifungua tangi, tukaweka ndani kuta tatu zenye matundu, tukalifunga upya. Tulipolijaribu katika upepo uleule lilinong'ona tu.

Kuna jambo la desturi ambalo lazima nilieleze hapa, maana vijana wengi hawalijui tena. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwingine apite. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, maana huyu ndiye aliyekupa mke. Katika ndoa yangu yote niliujua mgongo wa mkwe wangu, nilizijua nguo zake nyeusi, niliijua sauti yake nyuma ya ukuta, lakini uso wake sikuwahi kuuona. Mke akifa, desturi haifi. Kiangazi kile nilimwona mara kadhaa ufukweni kwa mbali, na kila mara yeye aligeuka au mimi niligeuka.

Mvua zilikuja. Asubuhi moja Maganga aliniamsha, maana nilikuwa nimebaki kwenye zahanati ili kuitunza mashine. Ng'ambo, kupitia mvua, tuliona shuka jeupe likipeperushwa juu ya kijiti. Ilikuwa alama ambayo watu wa kwa Lea walikuwa wamekubaliana na Bibi. Upepo haukuwapo kabisa. Maji yalikuwa yametulia na mvua ikiyatoboa wima. Bibi alikuwa na mama mwingine mikononi, akatuambia twende tumlete. Nilifungua koki ya tangi. Mashine ikakubali.

Walikuwa wakingoja majini, maji ya magoti, wanawake wanne wakimshikilia Lea katikati. Alikuwa na uchungu tangu jana yake. Wakampandisha, tukamlaza kwenye mbao za katikati. Ilitakiwa mtu mmoja aende naye. Wanawake watatu walirudi nyuma. Hawakuwahi kupanda chombo, na waliyaogopa maji yale yaliyokuwa yamefunika mashamba yao. Alibaki mkwe wangu. Alikuwa ameshaweka mkono ukingoni, na ndipo aliponiona. Alisimama pale, mvua ikimpiga, na mimi nikageukia mashine. Mashua ilikuwa ndogo. Mahali pa kukaa, kwa mtu wa kumshika Lea kichwa, palikuwa hatua moja kutoka kwangu.

"Mama, panda, mwanao anakufa," alisema mmoja wa wale wanawake.

Akajifunika kichwa kwa nguo yake, akapanda kinyumenyume, akakaa amenipa mgongo. Tukaondoka. Kwa muda ilikuwa mlio wa mashine, mvua, na Lea. Kisha nikamsikia mkwe wangu akizungumza, naye akazungumza na mashua. "Ewe mashua," alisema, "mwambie huyo mwenye moto wako aende polepole, mtoto anarushwa."

Maganga, ambaye alikuwa mtani wetu sote wawili, aliitikia kutoka kwenye usukani, "Mashua imesikia, mama. Mashua inasema, ikienda polepole mjukuu atafika kabla yetu."

"Basi mashua iende inavyojua."

Niliweka kiganja changu juu ya tangi. Lilikuwa baridi na kavu, na mafuta ndani yalikuwa yametulia. Katikati ya bwawa Lea alilia kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, kwenye njia ya tope, na nilingoja nione kama itanifanya kitu. Haikunifanya kitu. Alikuwa akijipinda, miguu ikipiga ubao, na mkwe wangu hakuweza kumshika juu na chini kwa mara moja. "Mashua," alisema, "mwambie..." Kisha Lea akateleza, nusu ya mwili ikaelekea ukingoni, na mama yake akaacha kuzungumza na mashua.

"Elia!" alisema. "Mshike mwanangu!"

Mama mkwe hamtaji mkwe wake jina. Nilimshika Lea mabega nikamvuta kifuani kwangu, naye mama akamshika miguu, na ili afanye hivyo ilimbidi anigeukie. Nguo ilikuwa imemwanguka kichwani. Tulitazamana.

Alikuwa Sechelela. Paji lilelile la uso, nafasi ileile kati ya macho, mdomo unaoinuka upande mmoja anapokaza nguvu. Miaka yote ile niliyokuwa nikiingia porini kwa heshima, uso huu ulikuwa upande wa pili wa kichaka. Ulikuwa na mikunjo ambayo mke wangu hakufika kuipata, na mvua ilikuwa ikipita kwenye mikunjo ile. Nilielewa kwamba hivyo ndivyo Sechelela angekuwa mzee. Nilielewa pia kitu kingine, na nadhani yeye alikielewa saa ileile, kwa sababu hakufunika uso tena. Kwa muda wote tuliokuwa tukifichana, mimi nilikuwa bado mume wa binti yake. Sasa sikuwa tena.

"Mshike vizuri," alisema kwa sauti ya chini, kama unavyomwambia mtoto wako mwenyewe. "Usiogope."

"Naogopa, mama," nilimjibu.

Bibi alikuwa akitungoja majini, sketi imelowa mpaka kiunoni. Mtoto alizaliwa mchana, msichana, na Lea aliishi. Mama yake alitoka barazani akamweka mtoto yule mikononi mwangu, mbele ya watu, bila kujifunika, akasimama akinitazama nikimtazama. Nililia pale, nikiwa nimesimama, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa, yeye ndiye aliyenifuta uso.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde katika siku ambazo husikii kitu moyoni. Akupe watu watakaosema kwa niaba yako mpaka sauti yako ikurudie, na watakaokutoa mahali pa hatari kwa kukuvuta mguu. Na nyumba yako, mlango wake uwe wazi kwa wanaoingia na kwa wanaotoka, sasa na siku zote. Amina.